Kiti cha Babu Kimeelekea Ukutani

Jumatano asubuhi, Katubuka. Mvua imeacha, ila matope yamefika hadi mlangoni. Nimechemsha chai nikasahau kuweka majani. Ngoja niandike, labda akili itatulia.

Nimeshtuka jamani. Umeme kukatika tumekuzoea, hakunishtui. Nimeshtushwa na mimi mwenyewe.

Nianze na baiskeli. Mume wangu, Baba Pendo, ni fundi wa sola, na akiona chuma kimetupwa lazima akilete nyumbani. Mwaka jana alichukua baiskeli kuukuu, akaiinua juu ya fremu kwenye kona ya sebule, akafunga mota ya gari kwenye gurudumu la nyuma na waya hadi kwenye betri. Ukikanyaga pedali, betri inajaa. Majirani wanaiita jenereta ya miguu. Mimi nilimcheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikawa naanikia nguo za mtoto juu yake.

Aliitengeneza kwa ajili ya Pendo. Binti yetu ana miaka minne na ana pumu. Kifua kikimbana, tunamvutisha dawa kwa mashine ndogo ya mvuke, na mashine ile inataka umeme. Baba Pendo aliniomba kitu kimoja tu: nikanyage nusu saa kila asubuhi, betri isilale.

Na nilikuwa nakanyaga, kusema kweli. Mpaka Babu alipokuja.

Babu ni baba mkwe wangu. Ametoka Kasulu wiki mbili zilizopita, amekuja kutibiwa goti, na tangu amefika kiti chake kiko pale pale sebuleni, mbele ya baiskeli. Mimi ni mtu wa Singida, nimeletwa huku na ualimu, na nimeolewa na Waha nikataka kuonekana mkwe mwenye adabu. Kila asubuhi napiga magoti namsalimia, "Shikamoo baba." Macho chini. Sasa mtu huyo huyo nikapande baiskeli mbele yake na dera langu, mapaja nje, niheme kama punda? Weee! Siku ya kwanza nikasema kesho. Siku ya pili nikasema kesho.

Wiki mbili. Sikukanyaga hata siku moja.

Jana mvua ilianza kabla ya kupambazuka, na upepo wake. Saa nne umeme ukakata. Baba Pendo alikuwa ameenda Mwamgongo kwa boti kufunga sola, simu yake haipatikani. Saa tano Pendo akaanza kukohoa kile kikohozi ninachokijua. Dawa yake ya kupuliza ya mkononi nikaitikisa, hamna kitu, imebaki ile ya mashine tu. Nikampigia bodaboda wetu, akasema mama, barabara ya huko imekuwa mto, nipe muda. Nikachomeka mashine kwenye betri.

Kimya.

Pendo alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, mabega yanapanda na kushuka, na mbavu naziona zinavyoingia ndani. Ananiita, "Mama." Ananiita tena. Na mimi, mama yake, niliyemzaa kwa uchungu wa siku nzima, nikaangalia baiskeli, nikamwangalia Babu, nikakimbilia chumbani kutafuta suruali.

Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Nilikwenda kutafuta suruali.

Nikafungua begi la kwanza. Nikamwaga nguo kitandani. Nikapata moja imenibana, nikaitupa, nikatafuta nyingine. Nasikia "Mama" kule sebuleni, najibu "Nakuja mwanangu," na bado natafuta! Sijui zilikuwa dakika tatu au saba. Nitakapokufa ndipo nitaacha kujiuliza.

Kilichonitoa chumbani ni kwamba aliacha kuniita.

Nilitoka na mguu mmoja umo ndani ya suruali ya mume wangu, mwingine nje. Nikasimama mlangoni. Babu alikuwa amepiga magoti chini, kwenye sakafu, lile goti lake lililovimba likiwa chini ya uzito wake wote, anazungusha pedali kwa mikono. Jasho linamtoka. Mashine inakoroma kidogo, inakata, inakoroma. Pendo ameegemea mgongo wake, midomo imeanza kuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika.

Yesu wangu. Mzee ninayempigia magoti kila asubuhi yuko chini, na mimi niko chumbani nachagua nguo.

Hakunikemea. Alishika fremu, akajivuta akasimama, akamchukua mtoto na mashine, akakiburuta kiti chake mpaka ukutani akakigeuza. Akakaa amenipa mgongo, uso wake na ukuta vinakaribia kugusana, Pendo mapajani, akamwekea ile barakoa ya mvuke.

"Panda, mwana wanje," akasema kwa Kiha chake, yaani mwanangu. "Leo mimi sina macho."

Nikaitupa ile suruali. Nikapanda na dera langu, nikalipandisha hadi kiunoni, nikakanyaga. Mama yangu, nilikanyaga! Nililia huku nakanyaga, kamasi zinanitoka, miguu inawaka moto. Sikuweza kuuona mvuke kutoka kule nyuma, Babu ndiye aliyekuwa ananiambia.

"Umepungua." Naongeza.

"Sasa unatoka vizuri. Hapo hapo."

"Umepungua tena, mwana wanje."

Mpaka aliposema dawa imeisha, na nikamsikia Pendo anavuta pumzi ndefu, halafu nyingine, halafu akaomba uji. Uji! Niliteremka. Nikatambaa hadi jikoni, nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti na shuka la mtoto mdomoni nisisikike.

Nilikaa huko mpaka machozi yakaisha na uji ukaiva. Niliporudi sebuleni na kikombe, Babu alikuwa vile vile. Uso ukutani, mtoto amelala kifuani pake, mguu mbaya ameunyoosha pembeni.

"Umeshuka?" akauliza, bila kugeuka.

"Nimeshuka zamani, baba."

"Hukuniambia."

Ndipo akageuka. Goti lilikuwa limevimba mara mbili ya asubuhi. Akaangalia baiskeli, akaniangalia mimi, na nikaona anapiga hesabu za siku tangu alipofika.

"Kumbe ilikuwa haizungushwi kwa sababu yangu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Bodaboda alifika saa tisa, akatupeleka hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akampa dawa nyingine, akatuambia tungechelewa kumvutisha tusingefika. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, huku anaandika. Mimi nikaitikia, "Ndiyo daktari," kama mtu mwenye akili zake.

Sijamwambia Baba Pendo habari ya suruali. Anarudi leo kwa boti ya mchana. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajasifia jenereta yake.

Hivi, tumbo la uzazi ni langu, mtoto ni wangu, ilikuwaje miguu ikanipeleka chumbani?

Nimetoka sasa hivi kumsalimia Babu. Nilikuwa nimeshasema shikamoo na kuanza kupiga magoti, nikakuta sina wa kumpigia. Kiti kimeelekea ukutani, naye amenipa mgongo. Amekaa na kikombe changu cha chai isiyo na majani, anakunywa maji yale ya moto bila kulalamika, Pendo amesimama karibu yake anamchezea sikio.

"Marahaba," akauambia ukuta. "Panda. Betri haijai yenyewe."

Naacha kuandika. Ananisubiri.