Dani na Ziwa la Pili

Nyar Uyoma,

Nimeliona. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapasuka. Ziwa lako la pili, lile ulilokuwa ukinichorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti, nimeliona kwa macho yangu haya mawili, na maji yake ni ya kijani kweli. Miaka yote hiyo nilidhani unatia chumvi. Nisamehe.

Naandika nikiwa hapa Seme, nyumbani kwako, nimekalia kigoda cha jikoni, hatua chache tu kutoka ulipolala. Mwanao Ouma yuko bafuni anajaribu kutoa tope la Turkana masikioni. Nina mengi ya kukwambia na kalamu inanitangulia, lakini nitajitahidi kusimulia kwa mpango, maana ukinisikia naruka-ruka ulikuwa unanikata: "Mwana, anzia pale gari iliwaka."

Tatizo ni kwamba halikuwaka.

Siku ya kukuzika, vijana walitaka nafasi ya kusimamisha hema, wakamsukuma Dani, gari lako, hadi nyuma ya jiko, wakamwacha pua ikitazama ukuta. Hakuna aliyejua ubaya wa jambo hilo ila mimi. Tangu stata ya kuwashia injini ilipokufa na spea ikakosekana hadi Nairobi, hukuwahi kumwegesha nyanya yetu huyo wa chuma bila mteremko mbele yake na lile jiwe lako jeusi chini ya gurudumu. Ulikuwa ukisema gari linalotazama ukuta limeshakufa. Nilitaka kuwaambia, nikaona si siku ya kuzungumzia magari.

Na siku hiyohiyo kuna jambo lingine lililonikaa kooni. Nilipochukua mkoba wangu nikaanza kuaga watu mmoja mmoja, kama tunavyofanya sisi Kaloleni, shemeji yako alinishika mkono. "Mama, matanga hatuagani," akaniambia. "Ondoka tu." Ukiaga ni kama unaahidi kurudi kwa msiba mwingine. Nikatoka langoni kimyakimya kama mtu aliyeiba kuku. Urafiki wote ule, tangu ukiwa dereva wa idara ya mifugo na mimi nikiwauzia madereva chai na mahamri nyuma ya karakana, na sikukwambia kwaheri.

Wiki chache baadaye Ouma akaja Kaloleni na gari lake la Milimani, lile ambalo hata likinguruma halisikiki. Akakaa kwenye benchi langu. Hakugusa mahamri, nikajua kuna neno.

"Mama, ile gari ya mum ni chuma tu sasa," akasema. "Panya wamezaa kwa siti. Kuna watu wa chuma chakavu watakuja kuibeba."

Nilihamaki, unanijua. Nilimkumbusha kwamba gari hilo uliliendesha kwa kazi miaka kumi na tisa, ukipeleka chanjo za ng'ombe mahali ambapo hata barabara ilikuwa imekata tamaa, na lilipopelekwa mnadani ulilifuata ukalinunua kama mtu anayemfuata ndugu yake polisi. Nikamkumbusha Maralal. Ulifika Maralal, umebakisha safari ya siku mbili tu kuliona lile ziwa la kaskazini ulilolijua kwa kusimuliwa tu, ofisi ikakuita urudi. Ulirudi umenuna mwezi mzima. "Nikistaafu, Mwana, tutatoka ziwa hadi ziwa. Wewe, mimi na Dani." Ukastaafu, kisha ukaugua, na safari yetu ikaishia kwenye vumbi la boneti.

"Nipe safari hiyo moja," nikamwambia. "Halafu ufanye unavyotaka."

Akafikiria. Ni mwanao, hapendi kukataa waziwazi. "Sawa. Ikienda na ikirudi kwa miguu yake, inakaa. Ikibebwa ama ikivutwa, hata kidogo, inaenda kwa watu wa chuma." Kisha akaongeza kitu ambacho sikukitarajia. "Na mimi nakuja. Siwezi kukaa ofisi nikingoja simu kwamba umelala porini."

Nadhani alitegemea nitasita. Nilianza kufunga mizigo kabla hajafika gari lake.

Basi Were, fundi wako wa Obunga, akambadilishia Dani mipira ya rejeta na kufukuza panya, na siku ya safari vijana wakatusukuma. Ouma akauliza kama kusukumwa si sawa na kuvutwa. Nikamwambia kusukumwa ni salamu tu. Dani akakohoa mara mbili, akawaka, na mimi nikapiga kelele kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe. Usukani nilishika mimi. Ulinifundisha kwenye uwanja wa Obunga, watoto wakishangilia kila nilipozima injini, sasa ungeniona. Kiti chako kimebonyea kwa umbo lako, ikabidi niweke mto.

Muhoroni tulikwama nyuma ya trekta la miwa mpaka nikamjua dereva kwa kisogo. Ouma akataka hewa, akazungusha mkono wa dirisha, ukambakia mkononi. Aliushika hivyo hadi Londiani, hajui aupeleke wapi. Huko baridi ikaingia kupitia kila tundu, na yeye na shati lake jeupe la ofisi akajifunika leso yangu mabegani. Nilipiga picha. Nitamwonyesha mkewe.

Maralal tulifika siku ya pili, jua likiwa bado juu. Nikasimamisha gari kwenye mteremko, nikashuka, nikashika boneti kama ulivyokuwa unashika. Nikamwambia Ouma kwamba kuanzia hapo hata mama yake hajui kuna nini. Nikalia waziwazi. Yeye akawatazama ng'ombe, akawatazama sana.

Baada ya hapo, Nyar Uyoma, sina maneno ya kutosha. Mawe. Ngamia wanaokutazama kama wamekukuta kwenye sebule yao. Mito isiyo na maji unayovuka huku meno yakigongana. Chupa yangu ya chai ilivunjika kabla ya Baragoi. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, naimba nyimbo za harusi, mgongo umekufa ganzi, na kila kilima nilichopanda kwa gia ndogo nilikwambia kwa sauti, "Umeona?" Mahali fulani baada ya South Horr, Ouma akainua kidole. "Mama, nyamaza kidogo. Skiza. Amebadilisha sauti." Tukasimama. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, akaukaza mwenyewe kwa spana yako. Lakini mimi nilibaki na lile neno. Amebadilisha. Kutoka Kisumu mpaka hapo alikuwa akisema "imebadilisha", "imekohoa", "imechoka".

Kisha tukapanda kilima cha mwisho, mawe meusi kila upande, na chini yetu likawa limelala. Kijani. Upepo karibu ung'oe mlango. Ouma akavua miwani, akaifuta kwa ile leso yangu, akaivaa tena, akalitazama tena.

Sasa sikia upumbavu wetu. Sisi watu wa Kisumu tunajua jambo moja tu kuhusu gari chafu na ziwa: unaliingiza majini magurudumu yakilowa, unalisugua, unatoka nalo linang'aa. Hata hatukujadiliana. Ouma akasema, "Tumuoshe, mum hangemwacha hivi," nami nikashuka na Dani hadi majini, pua mbele, nikiwa najisifu. Magurudumu ya mbele yakaingia kwenye changarawe, chini ya changarawe kulikuwa na tope, na Dani akapiga magoti.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika samaki aliacha kazi yake akaja kutuangalia. "Nyinyi ni watu wa wapi? Gari yenu inakuja kunywa maji?" Nikamwambia Kisumu, na kwamba huko ndivyo tunavyoosha magari. Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akatuuliza kama huko Kisumu mamba wako likizo.

Palikuwa na lori la samaki pale karibu. Dereva akaja na kamba tayari mkononi, mtu mwema kabisa. Nikamtazama Ouma. Injini ilikuwa inaendelea kunguruma, na nikajua ikizima tu basi, maana mteremko wote ulikuwa unaelekea majini. Kamba moja, dakika moja, tungetoka. Na Dani angeenda kwenye mizani ya watu wa chuma.

"Ngoja kwanza, Bwana," Ouma akamwambia. "Tujaribu."

Nyar Uyoma, mwanao alivua viatu. Vile vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, vile vya kuzungusha kwa mkono ili magurudumu yote manne yasukume, tulikuwa tumevifungua kwenye barabara nzuri kama ulivyonifundisha, na sasa vilikuwa chini ya tope. Akalala kifudifudi majini, mkono umezama hadi bega, akavitafuta kwa vidole, huku yule mama wa samaki akimlinda na mamba kwa fimbo. Nilikuwa nakanyaga mafuta kidogo kidogo, jasho linanitoka, nakusikia sikioni: "Gari ikizama, punguza upepo na upunguze hasira." Ouma akapunguza upepo wa magurudumu. Akatandika mkeka wangu wa kulalia nyuma ya gurudumu moja na leso nyuma ya lingine. Nikaweka gia ya nyuma, ile ndogo kabisa, nikaachia klachi polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala kitandani.

Dani akatetemeka. Akafikiria. Akatoka.

Mkeka umebaki huko, waambie samaki. Ouma alisimama ufukweni, tope kutoka nywele hadi vidole, anacheka peke yake. Ni kicheko chako kile. Sikuwa nimekisikia tangu ulazwe.

Ningependa niishie hapo. Lakini ulinikataza kukuficha mambo ya gari.

Jana, tukirudi, tumeshafika Muhoroni, karibu tunanusa nyumbani, Dani alizima katikati ya njia ya reli. Ni mimi. Nilichoka, nikaachia klachi vibaya. Pale ni tambarare, nyuma yangu malori ya miwa yanapiga honi, na kabla sijafungua mlango dereva wa trekta alikuwa ameshafunga kamba mbele. Hakuuliza mtu. Alituvuta hatua ishirini hivi, hadi kwenye mteremko upande wa pili, akafungua kamba, akapunga mkono, akaenda zake. Dani akateremka, akawaka.

Hatua ishirini. Ouma aliona. Kutoka Muhoroni hadi kitandani hakusema neno, na leo asubuhi kutoka Kisumu mpaka hapa vilevile, na mimi, ambaye sijawahi kunyamaza safari nzima hata ya kwenda sokoni, nilinyamaza.

Tulipoingia langoni, mahindi yalikuwa yameanikwa ua mzima. Nikapitisha gari kando nikalipeleka palepale nyuma ya jiko, nikazima injini. Ndipo nikakumbuka. Pua inatazama ukuta. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikachukua kigoda na kalamu nikaja kwako, kwa sababu sikutaka kumtazama mwanao usoni.

Ngoja. Ametoka bafuni.

Anaita vijana wa jirani. Sauti yake nasikia, maneno siyapati. Wameenda nyuma ya jiko. Nadhani anamtoa nje ili watu wa chuma wasipate shida ya kumbeba. Mungu anipe subira, kwa maana mkataba ni mkataba na kamba ilifungwa.

Wanamsukuma kinyumenyume. Wamepita karibu na mahindi, shemeji yako anawafokea. Ouma yuko kwenye usukani, kichwa nje, mkono wake mmoja unawaelekeza kama wako ulivyokuwa unaelekeza. Wanamzungusha. Wamemfikisha pale juu, chini ya ule mti ulikokuwa ukimwegesha, ambapo ardhi inaanza kushuka kuelekea langoni. Amevuta breki. Ameshuka. Anatafuta kitu kwenye majani.

Ni jiwe lako. Amelipata, Nyar Uyoma, lile jeusi. Ameinama analiweka chini ya gurudumu, analigonga kwa kisigino mara mbili, kama wewe.

Amepita hapa ninapoandika, akanipa funguo, akaingia ndani kutafuta chai.

Basi nisikilize sasa, maana hii ndiyo sababu ya barua. Matanga yamekwisha, hakuna wa kunishika mkono. Nitamuosha Dani kila Jumamosi kwenye ziwa letu, ambalo chini yake ninapajua. Nitamwendesha hadi magoti yangu yakatae, na yakikataa, nitamfundisha Ouma kumwendesha pale uwanjani Obunga, watoto wamshangilie na yeye. Na Dani hatatazama ukuta tena, si kwa mkono wangu wala wa mtu mwingine.

Kwaheri, rafiki yangu. Kwaheri, kwaheri. Nakwambia mara tatu, moja ya siku ile niliyoondoka bila kuaga, moja ya leo, na moja uweke ya safari.

Mwanaidi