Ng'ombe Waliotenganishwa Upesi Mno

MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe: 22/03/2025
Jina: Kashindye Maganga. Umri: miaka 56. Kabila: Msukuma. Elimu: darasa la nne. Kazi: mfugaji. Makazi: Ilomba, Mbeya, mifugo iko Usangu.

Mimi ni mama mzazi wa Sarah, huyo mnayemshikilia. Nalisema hilo kwanza, msije mkadhani nimelificha.

Mwezi huu maji yalifurika Usangu, mifugo ya watu ikachanganyikana. Chama chetu cha wafugaji kikakusanya ng'ombe zaidi ya elfu mbili kwenye zizi moja. Alama za kila ng'ombe, yaani mkato wa sikio, chapa, rangi na pembe, ziliingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta ina kanuni: mwenye alama hizi na hizi ni wa fulani. Sarah kasomea mambo hayo Iringa, ndiyo maana aliitwa kuiendesha.

Mnamo tarehe 19/03/2025 iliwashwa asubuhi, jioni bado inazunguka tu. Zizini nyasi zimekwisha, ndama wawili wameshakufa. Sarah akaniambia, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "inamuuliza kila ng'ombe maswali ya kila mwenye mali, hata pale mkato wa sikio ulipokwisha kuonyesha kwamba si wake."

Kesho yake akaibadilisha. Sasa inawagawa kwanza kwa mkato wa sikio, halafu kila kundi linaulizwa kanuni za wenye mkato ule tu. Ilichokwisha kuuliza hairudii. Ikamaliza kabla chai yangu haijapoa.

Hapo katibu wetu, Liberatus, akapandisha sauti. "Jana siku nzima, leo kufumba na kufumbua? Wewe binti umeruka kanuni, umewagawia ndugu zako!"

Sarah akamjibu, "Baba, kanuni zote zimo. Nilichoondoa ni kuuliza bure."

"Hiyo bure yako utawaeleza polisi."

Afande ameniuliza kama nilimwona Sarah akimpendelea mtu. Mimi niliona kinyume. Kulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, nimeshamfunga kamba nikijua ni wangu. Kompyuta ikampeleka kwa Gwakisa, mfugaji mwenzetu. Nilimfokea mwanangu mbele za watu: "Sarah! Ng'ombe wa mama yako unampa nani?"

Gwakisa akacheka. "Mama, huyo mkamue kwanza. Akikupiga teke utajua kwao ni wapi."

Sarah hakucheka. Akasema, "Mayu, shika sikio." Nikalishika. Mkato uko upande wa nyuma; wetu uko nchani. Nikafungua kamba kwa mkono wangu. Liberatus alikuwepo, aliona.

Sasa mwizi gani huyo, anamnyang'anya mama yake ampe jirani?

Ya ndani ya kompyuta siyajui, sitawadanganya. Ila njia ya zamani bado imo kwenye hiyo kompyuta mliyoileta hapa kituoni. Iwasheni hapahapa, ng'ombe walewale, ikae hata siku mbili, halafu mlinganishe. Ikitofautiana hata kwa ndama mmoja, mfungeni. Haitatofautiana. Ila jamani, mwanangu ana kifua, naomba apewe hili sweta.

Niliyoyaona ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, sina la kupunguza.

Sahihi: K. Maganga

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali ndivyo alivyosema. Njia ya zamani imewashwa kituoni asubuhi hii mbele ya katibu Liberatus. Sweta limepokelewa, mtuhumiwa amelivaa. Shahidi ameelezwa kwamba anaruhusiwa kwenda nyumbani, amekataa. Amekaa benchi la mapokezi, anasubiri mashine.
Koplo Ezron