Mama Anaomba Sura Yako

Mbagala, 9 Agosti 1993

Mdogo wangu Albano,

Pokea salamu. Huku tu wazima, ila mke wangu Margareta anasumbuliwa na mgongo. Wewe je, na mavumbi ya barabara?

Picha zako za Njombe na za Ziwa Nyasa zimefika. Margareta amezibandika kwenye kioo cha studio bila kuniuliza. Jana mteja alisimama mbele ya pazia langu lililochorwa mlima na ndege, akazitazama zako, akaniambia, "Mzee, wako ni rangi. Ule pale ndio mlima." Akaenda zake bila kupigwa picha.

Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Wewe una kamera ya plastiki uliyoachiwa na mzungu wa mradi wenu wa visima, inayovuta filamu yenyewe. Basi nisikilize. Ziwa lako limeinama, linataka kumwagika. Usipige saa sita, jua linatia watu mashimo ya macho. Piga asubuhi, mwanga utoke ubavuni, na umsogelee mtu. Umewafanya watu sisimizi.

Kaka yako,
Adelard

Newala, 2 Oktoba 1993

Kaka, shikamoo,

Natumaini mgongo wa shemeji umepoa. Mimi sijambo. Mradi umetuleta huku nyumbani kuchimba visima. Nimefuata maneno yako: nimempiga mama asubuhi, mlangoni, kwa karibu. Utaona nembo zote alizochanjwa usoni. Anacheka kwa sababu nilimwambia nimesimama pale ulipoagiza wewe.

Lakini macho yake yana presha. La kushoto limekwisha, la kulia linafifia, na daktari amesema kinachopotea hakirudi. Anakuomba kitu kimoja, sura yako. Hajaiona tangu ulipoondoka mwaka sitini na saba. Anasema, "Anapiga picha za watu wote, yake iko wapi?"

Mwezi ujao nitakuja Dar kuchukua mabomba. Nikupige mara moja tu, nimpelekee kabla mvua hazijakata barabara ya Rufiji.

Mdogo wako,
Albano

Mbagala, 30 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Nadhani umefika salama. Sisi hatujambo.

Najua uliondoka hapa umenuna. Kusema mbele ya wateja kwamba sipigwi picha na mwanafunzi, hapo nilikosa adabu. Lakini neno lenyewe silifuti. Miaka ishirini na sita namtafuta mama katika kumbukumbu, kila nikimpata amenipa mgongo. Wewe umemkuta anacheka, ukabonyeza kidude. Margareta anasema ndiyo picha nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia studio hii. Aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya zangu.

Nitajipiga mwenyewe, kwa kamera yangu ya miguu mitatu, kwa nyeusi na nyeupe. Karatasi zake zimeadimika mjini, siku hizi kila duka ni rangi tu. Nazingoja. Mwambie mama avumilie.

Kaka yako,
Adelard

Newala, 11 Juni 1994

Kaka, shikamoo,

Habari za huko? Mimi mzima wa mwili.

Picha uliyoituma Februari ilikwama na basi, kivuko kilisimama kwa mafuriko. Imefika juzi. Ni picha safi, siwezi kuipiga mimi. Koti nimelijua, ni lile mnalowaazima wateja.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaipapasa, akaigeuza, akainusa. Jicho la kulia lilizimika Pasaka. Sikukuandikia, nilikuwa bado na hasira. Akaniuliza umefanana na nani, nikamwambia baba. Akauliza, "Amecheka?" Kaka, umekaza midomo kama mtu anayeng'olewa jino. Nikasema umecheka. Akaendelea kuipapasa, kisha akanirudishia.

"Laini mno," alisema. "Humu hamna mtu."

Mdogo wako,
Albano

Mbagala, 3 Julai 1994

Mdogo wangu Albano,

Salamu zako nimezipata. Leo usiniulize habari za afya.

Karatasi sikuzingoja. Zilikuwamo sandukuni tangu mwaka jana, kabla hujaja. Nilijipiga Desemba, nikajipiga Januari, kila picha nikiilinganisha na yako ya mama, na kila picha nikaichana, isipokuwa hiyo ya Februari. Nilikuwa nangoja ile itakayoishinda. Huku mimi nashindana nawe, huko jicho lilikuwa linazimika.

Nimefunga studio. Jumanne napanda basi la kusini. Mwambie mama uso wangu si laini, una makunyanzi na kovu la kidevuni asilolijua. Atausoma kwa vidole, hata ikimchukua siku nzima.

Nina ombi moja, na ukiliona la aibu, ni la aibu kweli. Siku hiyo kamera yako uiache kwa jirani. Akicheka, kicheko hicho sitaki uwe nacho wewe.

Kaka yako,
Adelard