Uji Uliolala Sabato

S.L.P. 61,
Suneka, Kisii.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Tryphosa,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Baridi ya Minnesota imeanza kubisha hodi, ama bado inakuonea huruma? Na goti lako je? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mama bado anachuma majani chai Kiogoro, na sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Nilipoacha kufundisha shule ya Nyanchwa nitengeneze vichocheo, zile punje za oksidi zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali kiwandani, ulisema nimeacha mbachao kwa msala upitao. Nilinuna, Shangazi. Basi leo nisikilize.

Punje zetu za shaba na zinki zilikuwa zikivunjika na kuwa unga. Kiwanda kimoja cha Thika kilizikataa mara mbili, kikatupa nafasi ya mwisho. Zingekataliwa tena, tungefunga karakana.

Ijumaa ya kazi hiyo stima ilipotea mchana kutwa. Iliporudi tulichanganya maji yaliyoyeyushiwa shaba na zinki pamoja na magadi, ukapatikana uji wa samawati. Kawaida tunauchuja papo hapo, lakini jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia. Nikanawa mikono. Mshirika wangu Okoth, Mkatoliki wa Homa Bay, akataka auchuje peke yake. Nikamkatalia, maana karakana ni yangu pia. Akaondoka bila kuaga.

Sabato ilipotoka tulifunua pipa. Uji ulikuwa umegeuka kijani.

"Hii Sabato yako imetuharibia kazi," Okoth akasema.

Niliogopa, sikufichi. Lakini hatukuwa na uji mwingine. Tukauosha, tukaukausha, tukauchoma tanurini polepole, kisha tukaushindilia. Punje zikatoka ngumu, ukizibana kwa koleo hazimeguki. Kumbe uji ulitaka kupumzika tu, ujipange wenyewe mimi nikiwa kanisani. Haraka yetu ndiyo iliyokuwa ikituponza.

Kiwanda kimezikubali na kinataka nyingine zilezile. Sasa tunachanganya kila Ijumaa, na mlinzi mkali wa Sabato ni Okoth. Juzi nilishika chujio jua likiwa bado linawaka, akaninyang'anya.

"Wacha hiyo kitu, Mokeira. Wewe enda kanisa."

Wasalimie binamu zangu, Nyasani na Linda. Mama anakuombea kila asubuhi, goti likiwa la kwanza. Mungu akukinge na baridi hiyo, akulete Desemba ujionee mwenyewe. Ule msala, Shangazi, haujapita.

Wako akupendaye daima,
Mokeira