Mbege si Pombe

Dar es Salaam, 3 Machi 1934

Dada yangu mpendwa Candida,

Nakusalimu katika Bwana. Hapa Kariakoo mvua zimeanza.

Niwie radhi kwa habari hii: nilishtakiwa kuendesha lori la Bwana Hashil nikiwa nimelewa. Mkalimani aliuliza, "Mzee, ulikunywa pombe?" Nikajibu kwa kiapo, "La, bwana, nilikunywa mbege." Baraza zima likacheka. Kwetu nani aliita mbege ya ndizi pombe? Marehemu mke wangu Josepha aliipika kila Krismasi, nasi tukaiita chakula. Siku ile nilikuwa nikimkumbuka.

Leseni yangu imefutwa, na dereva bila leseni hana kazi. Narudi nyumbani, alikozikwa Josepha. Nikifika, naomba kata moja tu ya mbege. Huko sina cha kuendesha.

Nduguyo mnyenyekevu,
Isidori