Kengele Iliyombandika Mwalimu Ukutani

Dada Zuhura, shikamoo. Nnaandika huku nnacheka, usinilaumu mwandiko.

Hapa Unguja nimeitwa kumsaidia msichana mmoja, Riziki. Mikono haimtii, hasemi, na Mwalimu Haji alitaka arudishwe kwao, eti hajui kitu. Nikamfungia swichi kitini, usawa wa shavu. Akiibonyeza, betri za tochi zinagonga kengele ya baiskeli: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Siku mbili ilikuwa kelele tupu, maana akishabonyeza haachii. Leo kajua kuachia.

Sasa Mjini huku vichochoro ni vyembamba. Mtu akisikia kengele ya baiskeli nyuma yake hageuki, anajibandika ukutani kwanza. Mwalimu kaelekea ubao, kauliza, "Riziki, saba mara nane ni hamsini na nne?" Zikalia mbili. Mwalimu huyo, ukutani, kanzu kaikusanya! Darasa likaangua kicheko, Riziki kuliko wote. Tangu hapo mwalimu akiziba ubao tu, kengele inalia na ubao unaonekana.

"Fundi," akanambia akihema, "mtilie kengele nyingine."

"Muulize mwenyewe, Mwalimu."

Akamuuliza. Zikalia mbili, naye ukutani tena.

Nimekutamani wewe na mkate wako wa kumimina. Wanangu nibusie. Na shemeji mwambie asihangaike kuitafuta kengele ya baiskeli yake. Iko darasa la tatu, na mwalimu keshakubali ibaki.

Nduguyo, Makame