Bwawa la Meneja Ndegwa

Muthangari, Nairobi

Kwako mama yangu, Mwaitu,

Pokea salamu za mwanao Annah. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Kaka Mutinda amekununulia ile dawa ya kuchua, au bado anaahidi tu? Sisi huku tu wazima, na watoto hawaishi kukutaja. Sikukupigia simu makusudi, maana ungenikatiza kwa maombi kabla sijafika kwenye utamu.

Mwaitu, Ndegwa ameanguka! Ndegwa yuleyule meneja wa hoteli, aliyekumwagia mkoba langoni mbele ya walinzi, akidai wewe na wenzako wa chumba cha kufulia mliacha mvuke wazi mkaushe nguo za nyumbani, ndiyo maana boila ilimaliza dizeli. Tangu siku hiyo, hata kanisani pale Adams hukuitwa tena kuongoza maombi ya akina mama. Ukarudi Mwingi na aibu isiyo yako. Wewe ulisamehe. Mimi nilinyamaza tu.

Basi sikiliza. Siku hizi wageni wa mikutano kutoka ng'ambo huuliza hoteli inachafua hewa kiasi gani kabla ya kukubali kulala. Wenye hoteli ile ya Ndegwa wakaiita kampuni yetu iwasaidie kupunguza moshi. Kazi yangu unaijua: naijenga hoteli nzima ndani ya kompyuta, kuta, madirisha, majiko, hata wageni na kuoga kwao, nione mafuta na stima vinaishia wapi. Bosi wangu Phoebe alipoitaja hoteli hiyo, nilijifungia chooni nikacheka peke yangu.

Ndegwa hakunitambua, maana natumia jina la mume wangu. Alinizungusha kote akijisifu, akasisitiza kwamba mwizi wa dizeli ni chumba cha kufulia, eti wanawake wa pale ni wazembe. Bado anawasingizia! Nikatabasamu kama malaika.

Nikaingiza kila kitu. Hoteli ya kompyuta ikakataa kulingana na ya kweli, kwa kuwa ya kweli ilichoma mafuta mengi mno. Humo kwenye kompyuta nikafungulia mvuke wa kufulia kutwa nzima, kama alivyowazulia, na bado pengo halikuzibika. Ndipo nikapanda juu ya paa kwenye bwawa la kuogelea, lile lililojengwa mwaka ule ulipofukuzwa kazi. Ala! Ndegwa alikuwa ameamuru lipashwe moto usiku na mchana bila kufunikwa, ili asubuhi lifuke mvuke na wageni wapige picha. Boila ilikuwa ikiwapashia ndege joto! Nikaliongeza bwawa, na hoteli mbili zikalingana.

Ijumaa nikawaeleza wenye hoteli. Mama Wamucii, mkubwa wao, alimuuliza Ndegwa ni nani aliyetoa amri hiyo. Akaanza tena wimbo wa chumba cha kufulia. Nikawaonyesha hesabu ya kompyuta ukutani, hatua kwa hatua, akanywea. Jioni hiyo alifukuzwa, na walinzi wakaupekua mkoba wake langoni. Nilisimama pale nikatazama mpaka mwisho. Nilisikia raha, Mwaitu, sitakudanganya. Mungu si Athumani.

Sasa nifike kwenye lile linaloninyima usingizi. Desturi ya kazi yetu ni kumwonyesha meneja matokeo kabla ya wenye mali kuyaona. Nilipomwonyesha, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akakaa chini, akalia. Akaomba nimwachie yeye mwenyewe akiri kosa la bwawa kwa wakubwa wake na kulifunika. Akaahidi kwamba Jumapili angesimama kanisani pale Adams, mbele ya wale akina mama wote, aseme alikusingizia.

Najua hicho ndicho ulichokuwa ukimwomba Mungu miaka yote hii. Bwawa lingefunikwa vilevile, na moshi ungepungua vilevile. Nikamwambia hapana. Nilitaka kumwona akitoka kwenye lango lile. Sasa amehama mji, na ameapa kwamba jina lako halitatoka kinywani mwake kamwe. Nilikunyima Jumapili yako, Mwaitu, ili nipate Ijumaa yangu.

Nisalimie Mutinda na majirani wote wanaoniulizia. Ukitaka kunigombeza piga simu, nitapokea na nitasikiliza mpaka umalize. Ila usinitume kumwomba Ndegwa radhi, kwa maana sitaenda.

Ni mimi mwanao,
Annah